Cherewa Kwanza

Zamani, mtoto wa Ng'ambo hapa Unguja aliyetamani kupiga ngoma hakuwa na la kuchagua. Alipewa cherewa. Ukishafika umri wa kutumwa dukani na kurudi na chenji kamili, ukawa hukosekani kwenye harusi za mtaani, ukabeba sanduku la kikundi, ukachota maji, ukatafuta makumbi makavu ya kuwashia moto, basi jioni moja mkubwa mmoja hukuita, akakutia mkononi vifuu vya nazi vilivyotiwa mbegu ndani, akakwambia utikise na wala usiwakimbie wenzako. Hapo ndipo ulipoanza. Kutoka kwenye cherewa ulihamia kwenye mkwasa, vile vijiti vifupi vinavyogonganishwa, na huko uliweza kukaa misimu na misimu, maana dumbaki yenyewe, ile ngoma ndogo ya udongo yenye kiuno chembamba na uso wa ngozi ya mbuzi, ilikuwa mapajani mwa watu waliokwisha kuota ndevu, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kumwachia mtoto.

Siku hizi mpwa wangu anachagua dramu kwenye simu.

Yuko kidato cha tatu, anakaa na wazazi wake kwenye majumba ya Michenzani, na amekuwa akiweka fedha za sikukuu na za kuwasuka wenzake. Juzi alinifuata barazani, akaniamkia, akakaa, akanifungulia picha. Seti nyekundu ya vipande vitano yenye matoazi. Seti nyeusi, ndogo kidogo. Na moja ya umeme, haina hata ngoma, ni pedi za mpira zilizopangwa juu ya vyuma, na waya.

"Mjomba, wewe ulikuwa ukipiga. Ipi inanifaa ya kuanzia?"

Katika ujana wangu wote sikumsikia mtu akiuliza swali hilo. Kwa hiyo nilimwomba aniachie siku chache, na katika siku hizo nimekuwa nikikumbuka.

Wa rika langu wanakumbuka jinsi kidumbaki, ule muziki wa harusi za mtaani, kilivyopangwa. Fidla iko mbele kwa sababu ndiyo inayobeba wimbo. Nyuma yake kuna sanduku, yaani sanduku la chai lililopinduliwa, likatiwa fimbo na kamba, likawa besi. Kisha dumbaki mbili zenye sauti mbalimbali, kila moja na mtu wake. Halafu mkwasa na cherewa kwa wadogo. Muziki ulianza taratibu, kwa wimbo wa taarab ambao uwanja mzima unaujua, ukapandishwa kidogo kidogo mpaka ukafika kwenye mwendo wa ngoma za shamba, wanawake wakaingia kati na khanga viunoni, vumbi likapanda kwenye mwanga wa karabai, na mpiga dumbaki alitakiwa aipandishe kasi ile bila kupaparika na bila kumwacha mtoto wa cherewa nyuma. Hakuna aliyepiga mdundo wote peke yake. Kila mmoja alishika kipande chake, na kipande chako kilikuwa hakina maana mpaka umsikie jirani yako.

Taarab ya suti na viti ilikuwa na milango yake. Ikhwani Safaa ilianza 1905, na Mila na Utamaduni, ambayo wengi tunaiita Culture, ilianza 1958. Aliyetaka kukaa kwenye safu ya dumbaki, rika na bongo ya vikundi vile alikuwa bora aje akiwa amekwisha kupikika kwenye kidumbaki. Wengi walipita njia hiyo, na walipofika jukwaani hawakuona haya kurudi uwanjani. Makame Faki, yule tuliyemjua kwa jina la Sauti ya Zege, aliimba na Culture na papo hapo akaongoza kidumbaki, na albamu ya kikundi cha Kidumbak Kalcha iliyotoka 1997 ilipewa jina la Ng'ambo, kwa haki kabisa.

Harusi ya mwisho niliyohudhuria mtaani kwetu ilikuwa na spika nne na kijana mmoja wa kompyuta. Watu walicheza. Walifurahi pia.

Dumbaki yangu ya kwanza niliipata siku mkubwa wa kikundi alipoamua kwamba imetosha, nimekwisha kusikia vya kutosha. Kiwiliwili kilitoka shamba, kazi ya mwanamke mfinyanzi, na nilipelekwa pamoja na mtu mzima ili nijue jinsi kinavyochaguliwa: unakiinua kwa mdomo, unakigonga kwa kifundo cha kidole, unasikiliza. Udongo ulioiva hutoa mlio mkavu unaokata mara moja; wenye ufa, hata kama jicho halijauona, hukwaruza. Tuligonga vyote vilivyokuwa vimepangwa chini ya mwembe, na mfinyanzi hakukasirika, kwani naye alikuwa akisikiliza. Ngozi tuliitafuta baada ya Idi Kubwa, wakati mbuzi wamechinjwa kila nyumba na kila mtu anataka ngozi imwondokee ukutani. Fundi wa Mwembetanga aliiloweka, akaikwangua manyoya kwa kigae cha chupa, akaipitisha mwangani kutafuta makovu, akaacha sehemu ya mgongoni kwa kuwa ni nene na ya tumboni kwa kuwa hulegea, akakata duara katikati yake. Aliivuta ikiwa mbichi, akaikaza, akaiweka kivulini. Juani hapana, alisema, jua lina pupa, litaipasua.

Sikuruhusiwa kuigusa mpaka ikauke. Nilikuwa nikienda kuitazama tu.

Na hata ilipokauka, kazi haikuisha, maana ngozi ya mbuzi katika kisiwa hiki haitulii. Kaskazi ikivuma inakaza. Masika yakiingia inalegea, ikawa ukiipiga inajibu kwa sauti ya mtu aliyelala. Ndiyo maana kila kikundi kilikuwa na moto wake pembeni ya uwanja, makumbi na karatasi za magazeti, na mtu wa kukanza ngoma. Aliigeuza dumbaki juu ya moto polepole, akaigonga kwa dole gumba, akaigeuza tena, mpaka sauti ikapanda pale alipoitaka, akaikimbiza kwa mpigaji huku akiwa ameishika kwa khanga kwa sababu ya joto. Harufu ile ya ngozi iliyobabuka kidogo, moshi wa makumbi, udi wa nguo za wanawake na mafuta ya taa ya karabai, aliyewahi kuinusa hawezi kuichanganya na nyingine. Usiku wa mvua nyimbo mbili zilitosha kuilegeza, ikarudishwa motoni, na muziki ukaendelea na dumbaki moja mpaka ya pili irudi.

Plastiki haijui masika.

Ilitufikia biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, masanduku kutoka Dubai yalipoanza kuteremka bandarini Malindi, na ndani ya baadhi yake mlikuwa na dumbaki za chuma chepesi kinachong'aa, zenye uso mweupe unaokazwa kwa skrubu. Ulimwengu ulikuwa umekwisha kuhama kitambo. Remo Belli wa Marekani alianzisha kampuni yake ya ngozi za plastiki mwaka 1957, na tangu hapo mpiga dramu wa Chicago na mpiga dumbaki wa Cairo wameacha kuliogopa wingu. Sisi tulizipokea zile za chuma kwa furaha, na furaha ile ilikuwa na sababu. Zilikuwa na sauti kali inayopenya mpaka nyuma ya ukumbi. Hazikuvunjika ukizidondosha. Mpigaji alipanda jukwaani na kushuka na sauti ile ile, bila kumtazama mtu wa moto.

Mtu wa moto ndiye aliyekosa kazi. Na mtoto aliyemtafutia makumbi pia.

Miaka ya 1990 ikaja na kinanda. Vikundi vya taarab ya kisasa, East African Melody wakiwa mstari wa mbele, vilionyesha kwamba watu wachache wenye kinanda, gitaa na waimbaji hodari wanaweza kuujaza ukumbi uliokuwa ukihitaji watu thelathini na fidla zao. Mdundo ulitoka ndani ya kinanda. Kidole kimoja kilibonyeza, dumbaki ikalia, rika ikalia, hakuna aliyechoka wala aliyedai nauli. Siwalaumu, wanawake wa mji huu waliipenda taarab ile, wakaisimamia na kuitunza, na nyimbo nyingi zilikuwa nzuri. Lakini nakumbuka pia Desemba 2009, waya wa umeme wa chini ya bahari unaotoka Bara ulipoharibika na Unguja ikakaa gizani hadi Machi 2010. Wenye majenereta walinguruma. Wasio na majenereta waliwaendea wazee, wakawaomba dumbaki zilizokuwa juu ya makabati, na kwa miezi ile mtaani kwetu tulisikia tena ngozi ya mbuzi ikikanzwa.

Umeme uliporudi, dumbaki zilirudi juu ya makabati.

Dramu zenyewe, za kukaa kwenye stuli na kupiga kwa mikono na miguu, kwa wengi wetu zilikuwa kitu cha televisheni. Tulikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, kabla ya jirani zetu wengi, na watoto waliojazana mbele ya kioo kimoja ukumbini walimtazama mtu wa bendi aliyezungukwa na ngoma zake wakashangaa mguu wake wa kulia unafanya nini. Siri ilikuwa kwenye pedali. William Ludwig wa Chicago aliiboresha ile ya ngoma kubwa mwaka 1909, ikawa ya kasi na ya kuuzika, na bendi zikaona kwamba kazi iliyokuwa ya watu watatu, mmoja na ngoma kubwa, mmoja na ngoma ndogo, mmoja na matoazi, inaweza kufanywa na mtu mmoja aliyekaa. Kwetu watu wale watatu waliendelea kutembea kwa miguu yao: beni ya harusi, ile ya mbwa kachoka, bado ilikuwa na mtu wa ngoma kubwa tumboni, mtu wa ngoma ndogo kiunoni, na watoto nyuma.

Sasa dramu zipo. Zinapigwa kwenye hoteli za pwani, kuanzia Nungwi hadi Paje, na kila Februari tangu 2004 Sauti za Busara huziweka katikati ya jukwaa la Ngome Kongwe. Tamasha lile limeshikilia kwamba muziki upigwe moja kwa moja, si kwa kanda, na sharti hilo limewatafutia kazi watu wengi wa mkono. Mwaka 2016 fedha zilipokosekana na tamasha halikufanyika, wapigaji ndio waliolijua pengo lake. Mpwa wangu aliingia Ngomeni akiwa mtoto mdogo, begani kwa baba yake, akamwona mwanamke nyuma ya dramu. Tangu siku hiyo hakuzungumza jambo jingine.

Hapo lazima niseme lililo kweli. Katika foleni yetu ya cherewa, mkwasa na dumbaki, hapakuwa na msichana hata mmoja. Haikuwa kwamba wanawake wa Unguja hawajui ngoma. Bi Kidude, aliyefariki 17 Aprili 2013, alisimama na msondo akaupiga kwenye unyago kwa nguvu ambayo wanaume wengi hawakuwa nayo. Lakini unyago ni wa faragha, na huko nje, mbele ya watu, mwanamke aliimba na mwanamume akapiga. Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi sauti yake kwa Kiswahili, na zaidi ya nusu karne baadaye bado binti wa mtaani kwetu aliyegusa dumbaki aliambiwa airudishe alipoitoa. Chuo cha muziki cha DCMA kilipofungua milango mwaka 2002, kikakaa miaka mingi katika Jumba la Forodha la zamani pale Mizingani, kiliwapokea wote waliotaka kujifunza. Mwaka 2009 Bi Maryam Hamdani akaanzisha Tausi, kikundi cha taarab ambacho wanawake wanaimba na wanapiga vyombo wao wenyewe. Njia anayoipita mpwa wangu imefunguliwa na watu hao. Foleni ya zamani isingempa hata cherewa.

Kwa hiyo siwezi kuililia foleni ile yote.

Ninachokililia ni mpango wake. Sisi tulianza na watu, ngoma ikaja mwisho. Ulipoipata, ulikuwa umekwisha kukaa katikati ya mdundo miaka, masikio yako yanajua wapi kuna nafasi na wapi hakuna. Kijana wa leo anaanza na chombo, kimefika na boksi, kisha anaanza kutafuta watu. Bara mambo ni mepesi kidogo: vijana wengi wa huko wamejifunzia dramu kanisani, zipo tayari, kwaya ipo tayari, Jumapili haikosekani. Kwetu hakuna mahali pa namna hiyo panapomngoja mtoto kila wiki. Anajifungia chumbani na simu, anamfuata mwalimu wa ng'ambo ya bahari ambaye hamsikii, na kwa kweli mikono inakuwa myepesi upesi kuliko yetu ilivyokuwa. Nimewasikia wa namna hiyo. Mikono inakwenda, lakini fidla ikichelewa kidogo kwa makusudi, kama inavyochelewa, wao wamekwisha kupita.

Basi nimemjibu mpwa wangu, na nayaandika hapa kwa sababu najua si yeye peke yake anayeuliza.

Nimemwambia aiache nyekundu. Ngoma yake ya mguu ni ya inchi 22, imetengenezwa kwa ukumbi. Kwenye chumba cha Michenzani itawatoa majirani vitandani, na kwenye nyumba za Mji Mkongwe haipiti hata ngazi. Ile nyeusi ina ya inchi 18, inabebeka kwenye gari dogo, na mtu mfupi anaifikia bila kujikunja. Asiangalie rangi, aangalie vyuma: miguu ya matoazi, skrubu, mnyororo wa pedali. Chumvi ya bahari hii hula chuma chembamba upesi sana, kwa hiyo kila akimaliza afute kwa kitambaa kikavu, na skrubu azipake mafuta. Matoazi yanayokuja bure na seti za bei nafuu mara nyingi hulia kama sufuria. Ayatumie kwanza, kisha atakapopata fedha abadilishe hayo kabla ya kitu kingine. Fedha nyingine aitenge kwa stuli nzuri na pedali nzuri, kwa kuwa mgongo na mguu havina vipuri. Akikuta seti iliyotumika ya mtu wa hoteli anayehama, aigonge kila kipande, azungushe kila skrubu, atazame ndani kama mbao imevimba. Kuhusu ile ya umeme, faida yake kubwa ni spika za masikioni: jirani halalamiki, na jirani ana haki. Lakini umeme ukikatika inanyamaza. Na kwa vyovyote vile, adhana ikilia mikono inashuka, hata kama ukuta ni wa mawe wa dhiraa nzima.

Hayo aliyasikiliza na kuyaandika. Kisha nikamwambia la pili. Kabla hajalifungua boksi, nikamwambia, akae na watu wanaopiga. Si lazima kiwe kidumbaki. Taarab ipo, beni ipo, bendi za vijana zipo. Akipewa rika apige rika. Akiambiwa akae asikilize, akae. Dramu yake itakuwa na vipande kadhaa vinavyosubiri mtu mmoja avisikilizanishe, na kusikilizana huko hakuuzwi pamoja na seti.

Na sisi wakubwa tuna letu la kufanya. Zamani tuliweza kuwapanga watoto kwa sababu ngoma zilikuwa zetu na wao hawakuwa na pengine pa kwenda. Sasa wanakuja na za kwao, mpya, zinazong'aa, na baadhi yetu tunawatazama kwa jicho la pembeni kana kwamba wameruka ukuta. Hawajaruka. Wamekuja na walichonacho. Kikundi kinachofanya mazoezi mlango wazi, kikamwita aliyesimama dirishani aingie ashike kitu, kinafanya kazi ile ile ya mkubwa aliyenitia vifuu mkononi, na kitaipata faida yake akiwa mvulana au msichana, ngozi ikiwa ya mbuzi au ya plastiki.

Mpwa wangu amekubali seti nyeusi papo hapo. La pili amesema atalifikiria, kwa sababu anaona aibu kuingia mahali asipojua mtu. Nimekwenda mwenyewe kuzungumza na kikundi kimoja Kikwajuni, wamesema aje Alhamisi baada ya Isha, na mwalimu wao ameuliza kama ana kaka yake wa kumrudisha nyumbani. Nimesema anaye. Dramu itakuja na meli wiki inayofuata, na tumekubaliana ikae kwenye boksi lake mpaka awe amekwenda huko kwanza.